Sema Taratibu, Baba

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mapokezi, hospitali moja hapa Nachingwea. Bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, kila akikaribia dirisha, alirudi nyuma. "Tangulieni tu."

Akaingia mkulima mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. "Mwanangu, nimetoka Ruangwa. Kile kikundi cha walioacha pombe kinakutana wapi?"

Muuguzi wa mapokezi akainamia dirisha. "Baba, sema taratibu, watu wanasikia."

"Wasikie! Nikilewa, kijiji kizima kinanisikia. Leo naacha, ndiyo ninong'one? Mabibo ya mikorosho yameanza kuanguka, majirani wanakamua pombe ya uraka. Nikirudi bila kuwaona hao wenzangu, nimekwisha."

Benchi zima tukatazama sakafu. Muuguzi akanyoosha kidole: chumba cha mwisho, nyuma ya kliniki. Mkulima akashukuru, akashika njia.

Ndugu zangu, mlevi tunamcheka kwa sauti, halafu akitafuta pa kuachia tunamtaka anong'one. Akili gani hiyo?

Yule bwana wa shati la pasi akanigusa bega. "Nishikie nafasi," akasema, akamfuata mkulima karibu mbio.

Nilimshikia mpaka dirisha likafungwa.