Upande Aliolala Mke wa Mtunza Msikiti

Kila Ijumaa, akishazoa theluji mlangoni, yule mtunza msikiti wa Wasomali wa Minneapolis alipiga magoti na kulainisha mazulia kwa viganja vyake. Mistari ya mazulia ilielekea kaskazini mashariki. Yeye mwenyewe aliswali nyuma kabisa, peke yake, akielekea kusini mashariki, kama walivyoswali wote zamani walipofuata ramani ya ukutani. Sagal, ambaye siku hizo alisoma jiografia chuoni, bado anaikumbuka sauti yake ya kukwaruza na harufu ya hiliki katika birika lake. Alimletea chungwa, akavuta uzi juu yake kutoka Marekani hadi Makka.

"Ona, ami, njia fupi inapandia kaskazini."

Mzee alilimenya chungwa. "Basi dunia yako nimeila. Yangu ni bapa, na chai haimwagiki."

Walibishana hivyo kipupwe kizima, wakicheka, mpaka siku Sagal alipomwambia kwa ukali kwamba anaipa Kaaba ubavu. Viganja vilisimama juu ya zulia.

"Mke wangu tulimzika kwa kufuata ile ramani," alisema. "Dunia ikiwa mviringo, mwanangu, amelala akitazama wapi?"

Sagal alitafuta jibu lisilo uongo. "Mtu akiushika upande ule wa dira bila kuuacha, ami, anafika Makka. Njia yake ni ndefu zaidi, basi."

Viganja vya mzee vilirudia kulainisha. "Hana haraka yule," alisema. "Hata sokoni alipenda kupitia mbali, asalimie watu."