Mizimu ya Kiingereza imemuunganisha binti yangu na bibi yake

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yametokea kwangu hapa Midrand, chumvi sijaongeza.

Mimi Mtanzania, nipo Joburg, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Binti yangu Neema ana miaka kumi na mitatu, kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukiongea, eish! Unamuuliza kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza.

Mama yangu yupo Korogwe, Kiingereza hajui. Kila Jumapili tukimpigia ni "Shikamoo bibi", "Marahaba, hujambo?", "Sijambo". Basi. Simu inarudi kwangu.

Siku moja mama akaniambia, "Huyu mtoto mimi namjua kwa picha tu."

Iliniuma wakuu.

Sasa, Neema ana ugonjwa wa hadithi za mizimu za Kiingereza cha zamani. Jumba kubwa, ukungu, mshumaa, mlango uliokatazwa kufunguliwa. Mimi niliona upuuzi. Mtu ametoka ukoo wa Korogwe, mizimu anaifuata Uingereza?

Jumapili moja nikiwa kwenye simu na mama, Neema akapiga yowe sebuleni.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Anasoma hadithi ya mzimu."

"Mpe simu anisimulie."

Neema akanitazama kama nimemuuza. Nikaweka loudspeaker.

"Bibi, kuna mwanaume... anaenda kulala kwa nyumba kubwa sana."

"Ina vyumba vingapi?"

"Forty."

"Arobaini," nikatafsiri. Neema akaeleza kuwa kila usiku mzimu unamtokea huyo mwanaume chumbani anakolala.

"Na mzimu unamtokea chumba hichohicho kila siku?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa si alale kingine!"

Neema alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Hapana bibi, yeye anataka kujua!"

Akaendelea, anajikwaa, anaokota maneno. Kumbe mzimu ni mama aliyeficha barua ukutani, akafa haijasomwa na mtu. Mama yangu akasema:

"Maskini. Hakuja kutisha, alitaka kusikilizwa."

Neema akasema polepole, "Bibi, nina ingine."

Jumapili iliyopita mama kapiga mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba. Neema yuko wapi?" Hata hali yangu hakuuliza!

Nilichojifunza: utamu wa hadithi hizi ni kuogopa ukiwa salama, na kuogopa peke yako hakunogi. Lazima uwe na wa kumsimulia.

Wenye watoto wa ughaibuni, nyie lugha mnawapaje? Shusheni hapa, nasoma zote.