Samli Kwenye Kamera ya Baba

Baba aliinunua kamera yake kwa Mzungu mmoja wa idara ya mifugo aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Tangu siku hiyo hadi miaka ya sabini ilipokaribia kwisha, haukupita mwezi bila mimi kuiona imefunguliwa juu ya mkeka wetu pale mtaani Wabera. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Ukivuta kifuniko cha mbele, lenzi ilitoka nje juu ya mvukuto wa ngozi nyeusi, na mvukuto huo baba alikuwa ameuziba matundu kwa vipande vya ngozi ya mwanambuzi. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na hakusomea ufundi wowote. Bisibisi yake aliinoa mwenyewe kutoka kwenye spoku ya baiskeli.

Alikuwa na utaratibu wake. Alitandaza kilemba cheupe, akatoa skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwa mstari kutoka kulia kwenda kushoto, kama maandishi ya Kurani, ili wakati wa kurudisha asome mstari huo kinyume. Mtu akipita karibu na kilemba akatikisa mkeka, alikemewa hata kama ni mgeni.

Mwaka mmoja baba alikuwa akijiandaa kwenda Hija, na kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: picha ya mama yake. Akko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu kwa Kiborana, alikuwa amekataa kupigwa picha maisha yake yote. Baba aliogopa kwamba angerudi asimkute, na abaki bila hata sura yake ya kutazama. Alimbembeleza wiki nzima. Mwishowe Akko akachoka.

"Mara moja," akasema. "Asubuhi, kabla jua haijakuwa kali. Na usiniambie tena hii maneno."

Kamera nayo ikachagua wakati huo kugoma. Nyuma ya lenzi kuna vibati vyembamba vinavyofunguka na kufungika kufumba na kufumbua. Baba aliviita shata. Vumbi lilikuwa limeviingia, vikawa vinakwama. Siku moja kabla ya picha, baada ya chakula cha mchana, aliviosha kwa petroli na unyoya wa kuku, akavipuliza vikakauka. Vikafanya kazi, ila kwa sauti ya kukwaruza iliyonikera.

"Tuweke mafuta kidogo," nikasema.

"Hii haitaki mafuta. Inataka kuwa kavu."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga taipu katika ofisi ya serikali, na nilijiona najua vitu. Kwetu kila kitu kinachokwaruza hupakwa samli: bawaba za mlango, kamba za ngozi, kifua cha mtu mwenye kikohozi. Baba alipokwenda msikitini kuswali alasiri, nilichovya ncha ya sindano katika chombo cha samli cha Akko, nikagusa vile vibati. Mkwaruzo ukaisha. Nilijaribu mara kumi, na kila mara ilikuwa laini kabisa. Baba aliporudi akajaribu naye, akatabasamu, akasema petroli imefanya kazi nzuri. Nilijisikia fundi.

Asubuhi ilikuwa na baridi. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Ngaremara usiku kucha na upepo wake ukatufikia. Akko akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mtandio wake mpya kichwani, amekasirika kidogo. Baba akaweka kamera juu ya debe, akabonyeza. Badala ya mlio mfupi nikasikia kama mtu anayevuta pumzi, halafu kimya, halafu mlio. Samli ilikuwa imeganda. Shata ilibaki wazi muda wa kutosha kuiharibu picha, na baba alijua hapo hapo, niliona mabega yake yakishuka.

"Imeisha?" Akko akauliza.

"Imeisha, mama."

Akainuka, akaingia ndani. Baba hakumwomba tena, kwa sababu alikuwa amekubali sharti lake.

Alifungua lenzi, akagusa kibati, akanusa kidole. Nyumbani tulikuwa watatu tu. Mama alikuwa Merti kwa dada yangu aliyejifungua. Baba akaniangalia.

"Wewe umeweka samli hapa?"

"Hapana, baba. Sijui."

Aliendelea kuniangalia, kisha akashusha macho. "Basi ni mimi. Nilikula nikashika bila kunawa vizuri." Akafunga kamera, akairudisha kwenye sanduku. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulikuwa mzito, na kila dakika iliyopita uliongezeka uzito.

Siku ya tatu ilikuwa safari. Kwetu anayekwenda Hija hupita kwanza kuomba msamaha kwa kila aliyeishi naye, kwa sababu huwezi kwenda mbele ya Mungu na kinyongo cha mtu nyuma yako. Baba alipita kwa majirani, kwa mchinjaji aliyewahi kugombana naye soko la mifugo, kwa mwenye duka. Akaingia kwa Akko, akakaa huko kitambo. Mwisho akaja jikoni nilipokuwa nikikanda unga.

"Ile siku ya kamera nilikushuku," akasema. "Nilikuangalia vibaya na wewe hukuwa na kosa. Unisamehe."

Nilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Nikasema, "Nimekusamehe, baba." Sijawahi kuona aibu kama ile, na hata hivyo sentensi ilitoka bila kukwama. Akanishukuru. Saa moja baadaye alipanda lori la kwenda Nairobi.

Nilivumilia siku sita. Siku ya saba nilitandaza kilemba, nikapanga skrubu kutoka kulia kwenda kushoto, nikaanza kufuta vibati kwa petroli na unyoya. Nilirudia mara nne hadi unyoya ukatoka safi. Akko alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Sasa unatoa samli yangu?" akasema.

Nikaweka unyoya chini.

"Niliona alama ya sindano kwa chombo. Nilingoja useme." Akaja akakaa kwenye kigoda, polepole, akajitengeneza mtandio. "Huyu mtoto wangu ameniomba msamaha. Nimemwambia nimesamehe. Na bado nimemnyima kitu moja ndogo. Hiyo si kusamehe. Piga."

"Na kosa langu, Akko?"

"Ya kwako utamwambia mwenyewe."

Filamu ilikuwa imebaki na nafasi. Nikarudisha skrubu nikiusoma mstari kinyume, nikabonyeza, na mlio ukawa mfupi na mkavu, wenye kukwaruza. Filamu niliituma Meru kwa dereva wa gari la miraa, na baada ya wiki mbili akaniletea bahasha. Akko ameonekana vizuri, jicho moja limefinywa na jua, midomo imefungwa kama mtu anayengoja ujinga wako uishe. Alikuwa yeye kabisa.

Baba alirudi amenyolewa kichwa, na wageni wakajaa siku nne wakinywa maji ya Zamzam kwa vikombe vya kahawa. Walipopungua nikampa picha. Aliishika pembeni kwa ncha za vidole. Macho yakamjaa machozi. Kutoka chumba cha pili tulimsikia Akko akikohoa.

"Nani alitengeneza shata?"

"Mimi. Nilitoa samli. Niliiweka mimi, baba, na nikakudanganya. Halafu nikakusamehe kitu ambacho hukukosa."

"Nikiwa Arafa," akasema, "niliwataja wote katika dua, mmoja mmoja. Nilipofika kwako nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtoto ambaye hajawahi kunidanganya."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angekasirika. Nikamwomba msamaha, akasema amenisamehe, na alimaanisha, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kusema hivyo bure. Tuliishi vizuri miaka yote iliyofuata, na hakulitaja jambo hilo tena. Ila tangu siku ile, nilipomjibu swali lolote, hata la kama chai imeiva, alikuwa akingoja kidogo kabla ya kuitikia.