Gari Lililoimba kwa Sauti Nne

Enzi zetu gari halikuondoka mpaka lipigwe mwiko. Nikiwaambia hivi watoto wa darasa la kwanza, wananitazama kama nimefufuka jana, na mimi nina miaka kumi na saba tu, bado nachapwa shuleni kwa kuchelewa. Lakini hesabu ni hesabu. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa, na miaka minane kwa mtu wa rika langu ni karibu nusu ya maisha. Wenzangu mliokuwa hamna meno ya mbele pale kijijini kwetu Ruanda, Mbozi, wakati miche ya kahawa ilipokuwa mifupi kuliko sisi, mtanielewa.

Gari lenyewe lilikuwa la baba mdogo Yeremia. Alirudi nalo kutoka migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, kilori kizee cha matairi manne, na juu yake alikuwa amejenga nyumba ya mbao kamili: mlango, dirisha lenye pazia, kitanda, rafu ya vyungu na balbu moja darini. Pale Tunduma askari wa mpakani alilizunguka mara mbili, akauliza kama alikague au apige hodi kwanza. Baba mdogo hakumsikia. Mashine ya kutoboa miamba ilikuwa imemwachia gari na kumchukulia masikio, na ukitaka kumwambia jambo ilibidi usimame mbele yake na kupanua mdomo kama unakula muhogo wa moto.

Betri alikabidhiwa bibi, mama yake, kwa sababu kwetu kila kitu kilichohitaji maji, joto na kukaripiwa kwa upole kilikuwa chake. Aliinywesha maji ya mvua tu, yaliyokingwa kwenye bati la misheni, tena si mvua ya kwanza, maana hiyo huosha mavi ya ndege. Alifungua vifuniko vitatu, akachungulia kwa jicho moja, akatia mpaka maji yafunike vile vibati vya ndani, basi. Unga mweupe ukiota kwenye vichwa vya betri aliuosha kwa maji ya moto, kisha akavipaka grisi kama alivyokuwa akitupaka sisi mafuta kabla ya ibada. Mwezi wa sita, baridi ya Mbozi inapouma mpaka mbuzi wanakohoa, betri ililala karibu na meko, imefunikwa blanketi tulilonyimwa sisi. Siku moja maji yake yaliirukia khanga ya bibi, na kesho yake pakawa na tundu la kupitisha kichwa. Bibi hakukasirika. Alisema, "Huyu ana tabia," na tangu hapo akawa anaisalimia kila asubuhi.

Matairi yalikuwa yetu, watoto wanne: mimi, binamu yangu Neema, na wadogo zangu wawili mapacha. Kila mmoja alikuwa na tairi lake. Kipimo cha upepo hatukuwa nacho, wala hatukujua kama kuna kitu kama hicho duniani. Tulikuwa na mwiko wa ugali wa ulezi. Asubuhi kabla jua halijayapasha, maana tairi likipata joto linajidai kuliko lilivyo, tulilipiga mwiko na kutega sikio. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, na sisi tulijua do, re, mi kabla ya kujua kufuta makamasi. Tairi lililojaa lilisema so. Lililolegea lilishuka mpaka mi, likaenda do, na likifika chini ya do ujue kuna msumari. Tulisukuma pampu mpaka yote manne yaseme so, ndipo tukamwendea baba mdogo na kupanua midomo: tayari.

Sasa nisikilizeni habari ya harusi ya shangazi Tusa.

Shangazi alikuwa amechumbiwa na Bwana Asajile wa Mbebe, kule Ileje, fundi mwashi, mtu mpole mpaka kuku walimdharau. Mara mbili harusi ilikuwa imeahirishwa, mara moja kwa msiba na mara moja kwa mvua. Mchungaji alifika kanisa la Mbebe mara chache kwa mwaka, na safari hii alikuwa ametuma neno kwamba Jumamosi saa tisa alasiri anapanda baiskeli yake na kwenda zake. Baada ya hapo masika, barabara inageuka uji, mpaka mwezi wa tano. Na shangazi zake Bwana Asajile walikuwa wamekwisha kusema kwamba Mbebe yenyewe haina upungufu wa wasichana. Kwa hiyo sote tulijua: ni Jumamosi hiyo, la sivyo shangazi Tusa anabaki Ruanda na gauni la kuazima.

Wiki nzima tulikuwa tukifanya mazoezi ya wimbo wa harusi kwa sauti nne. Alfajiri ya Jumamosi, mwiko mkononi, Neema alilipiga tairi lake, akasikiliza, akakunja uso. Alisema so, so, so, so ni wimbo wa chura. Gari la bibi harusi, alisema, liwe na soprano, alto, tenori na besi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilipinga. Niliomba besi.

Tulijaza na kupunguza, tukapiga na kusikiliza, na kwa kweli ilipendeza. Tairi la Neema, mbele kulia, lilikuwa gumu kama jiwe, likalia juu kabisa. Langu, mbele kushoto, lilinguruma chini kama mzee wa kanisa anayesinzia. Baba mdogo alikuja akihangaika na tai shingoni, akauliza matairi vipi. Tukamwambia yanaimba. Akafurahi.

Tuliondoka saa kumi na mbili, bibi mbele na miguu yake juu ya sanduku la betri, sisi, shangazi na wanawake wa kumsindikiza nyuma, "nyumbani", maana pale hatukuwa tukipaita garini. Tulipovuka mto wa kwanza tu, gari likaanza kuelekea kushoto. Baba mdogo akalirudisha. Likaelekea tena. Alisimama akatangaza kwamba wanawake wamekaa upande mmoja. Basi wakahamia kulia. Likazidi kwenda kushoto. Akahamisha vyungu, mfuko wa mchele, jogoo wawili wa zawadi, halafu akamwomba bibi harusi akae pembeni kabisa, shavu kwenye ukuta. Tulisimama mara sita. Kila mara sisi wanne tulikuwa wa kwanza kuhama.

Kwenye mteremko wa kuingia Ileje besi yangu iliamua kwenda yenyewe. Gari liliacha barabara polepole, kwa adabu, likaingia kwenye shamba la migomba na kulala kifua juu ya mgomba mmoja. Injini ikazimika. Jua lilikuwa limeshapita utosi.

Shangazi Tusa aliteremka na gauni jeupe, viatu mkononi. Alilizunguka gari lote. Halafu akatutazama sisi.

"Nani kajaza matairi?"

Neema alisema kwa sauti ndogo, "Mimi soprano, shangazi. Besi ni yake huyu."

Mdomo wangu ulianza kueleza habari za upatano wa sauti. Shangazi hakunisubiri nimalize. Alifunga pindo la gauni kiunoni, akaichukua pampu.

"Leo nyote mtakuwa soprano," alisema.

Alitaka baba mdogo asisogee karibu, maana kiziwi hafai kwa kazi hiyo. Alijaza tairi langu mwenyewe, akihesabu kwa pumzi, akalipiga kwa kisigino cha kiatu cha harusi, akasikiliza, akajaza tena. So. Akalipunguza la Neema. So. Aliyazunguka yote manne, jasho likimtoka puani, huku akinung'unika, "Nimemngoja miaka mitatu, nishindwe na watoto wa kwaya."

Tuliusukuma ule mgomba, tukalirudisha gari barabarani. Sasa ikabaki injini. Bibi alikifunua kifuniko cha sanduku, akaiinamia betri na kuisemesha kwa Kinyiha chetu, maneno ambayo sikuyasikia vizuri ila mwisho wake ulikuwa ombi. Baba mdogo akakanyaga stata. Ikawaka mara ya kwanza. Bibi alijiegemeza nyuma akatutazama kupitia kidirisha, na yale macho ninayaona mpaka leo.

Tulifika Mbebe mchungaji ameshavusha mguu mmoja juu ya baiskeli, na Bwana Asajile ameushika usukani kwa mikono miwili. Yule mpole, asiyewaweza hata kuku, alikuwa anamwambia mchungaji kwamba hapiti mtu. Nadhani hapo ndipo shangazi alipompenda kweli. Alisimama mbele ya watu akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na alipoulizwa kama anakubali akahema badala ya kuitikia. Pete iliyokuwa ikimbana tangu ilipojaribiwa iliteleza kidoleni bila ubishi. Sisi wanne tulikula mwisho, shingo za kuku.

Siku hizi baba mdogo ana kipimo cha chuma, kimekaa kama kalamu. Anakichomeka, anasoma namba, anaondoka. Betri mpya hainyweshwi maji ya misheni, ina maji yake ya chupa kutoka dukani. Watoto wa sasa wanaamka gari limeshakwenda. Ukiwauliza tairi lililojaa linasemaje, wanadhani unaumwa. Sisi kuondoka kwa gari kulitaka watu saba: wa kusikiliza, wa kusukuma, wa kuomba, na wa kulaumiwa. Sasa kunataka mtu mmoja na kalamu yake. Abiria hawapotei, hawalali migombani. Wanafika saa waliyosema, wanateremka wakavu na safi, na hakuna hata mtu mmoja anayetoka nje kuwauliza ya njiani.