Mkutano wa Mtu Mmoja

Shemeji yangu ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na mbili, na katika miaka yote hiyo sijamwona akiomba radhi kwa jambo ambalo hakulikosea. Watu wanamwita Bi Sindano. Ni dada mkubwa wa mke wangu, na akiniita "shemeji" hunishusha kabisa, utadhani mimi ni mbuzi aliyekutwa bustanini. Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na kwa sababu siku hizi mtaani wamejaa watu wanaopiga chuku kwamba walikuwa upande wake tangu mwanzo. Hawakuwa. Nami sikuwa.

Klabu yetu ya huduma hukutana kila Jumatano saa saba mchana, katika chumba kimoja cha chini nyuma ya posta. Kuna meza ndefu, kengele ya shaba, benchi la wageni karibu na mlango, na makabati manne yenye droo za miwani. Hiyo miwani ndiyo kazi yetu. Tunakusanya ile ambayo watu wameiacha, tunaiosha, tunaipima nguvu na kuipanga droo kwa droo. Mkutano ukiisha saa nane tunafungua mlango, na watu walioko kwenye foleni wanaingia mmoja mmoja kusoma herufi za ukutani na kujaribu mpaka waone.

Bi Sindano mwenyewe aliingia kwa foleni hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita na macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Alikuwa akiwaomba wateja wamtungie uzi, anasingizia vumbi. Siku moja akashona mkono wa kushoto wa koti mahali pa mkono wa kulia, na mwenye koti akalivaa mbele ya watu ili wacheke. Jumatano iliyofuata akaja kwetu. Droo ya tatu ikatoa miwani ya fremu nene ya kahawia, iliyokuwa ya marehemu fulani mwenye kichwa kikubwa. Akaivaa, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akatunga uzi mara moja tu. Halafu akalia pale pale, bila kuficha uso. Alipomaliza kulia aliuliza klabu hii mtu anaingiaje.

Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa amestaafu ila sauti yake haikuwa imestaafu, alimweleza kwa upole kwamba wanachama ni watu wenye taaluma. Akajibu kwamba yeye anayo. Ilichukua miaka miwili ya kumpiga danadana, na kila Jumatano alikuja kukaa kwenye benchi la wageni mpaka tukachoka sisi. Tukampokea, tukampa ukatibu kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kuandika.

Mwaka ule wa ugomvi tulikuwa wanachama kumi na tisa. Tulipiga kura ya mwenyekiti kati ya Mwalimu Mkuu na Mkandarasi, yule aliyejenga nusu ya maduka ya mtaani na anayapita akiyatazama kama watoto wake. Katibu, kwa kanuni zetu, huhesabu kura na hapigi. Kura zikawa tisa kwa tisa. Tulipaswa kurudia. Badala yake mtu akasema neno, mtu akajibu, mtu akataja mambo ya ukuta ulioanguka miaka kumi nyuma, na Mkandarasi akatoka na watu wake wanane. Mwalimu Mkuu naye akasema hatakaa meza moja na wahuni, akatoka na wake. Mimi nilikuwa upande wa Mkandarasi, kwa sababu ambayo leo nikiulizwa siwezi kuieleza bila kuona haya.

Mimi ni fundi wa mihuri. Muhuri wa klabu niliuchonga mwenyewe, na siku ile niliutia mfukoni nikaondoka nao. Nilijiona mjanja sana.

Kilichokuwa hatarini tulikijua sote. Chumba si chetu. Tulipewa na ofisi ya majengo ya mji kwa barua ya mistari sita, yenye sharti moja: tukitumie kwa mkutano wa kila wiki, na mkutano ukifa, chumba kinarudi. Afisa wa Majengo alikuwa akikitamani siku nyingi ili aweke mafaili ya zamani. Chumba kikirudi, makabati yanatoka nje, na miwani elfu moja na mia nne haina pa kwenda. Tulijua, lakini kila upande ulikuwa ukisubiri upande mwingine uje kupiga magoti kwanza.

Jumatano iliyofuata saa saba kamili, Bi Sindano alipiga kengele akiwa peke yake. Muuza magazeti wa pale kona alimwona kwa dirisha na akaja kunihadithia. Alisimama, akawakaribisha viti kumi na nane, akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti, pamoja na matusi yote, kisha akaita mahudhurio. Aliita jina, akangoja, akaandika. Alipomaliza aliwafungulia watu wa foleni na kuwapima peke yake hadi jioni.

Sasa, klabu yetu ina desturi moja ya tangu enzi za waasisi. Kumbukumbu za mkutano huandikwa kwa mkono na kubandikwa dirishani, zikitazama barabarani, ili mji ujue tunafanya nini. Kwa miaka mingi hakuna aliyezisoma ila nzi. Alhamisi ile niliona kundi la watu pale nikadhani kuna ajali.

"Waliohudhuria: mmoja," karatasi ilisema. "Wasiohudhuria na hawakutoa udhuru: Daktari wa Meno, yuko kliniki, nimempita anasoma gazeti. Mkandarasi, yuko kwenye ngazi ya duka la simu, anatazama kama liko wima. Mwalimu Mkuu, yuko barazani kwake, amelala. Fundi Mihuri, yuko kibandani, ameniona akainama kutafuta kitu kisichokuwepo." Na chini, mahali pa muhuri, alikuwa ameshona nembo yetu kwa uzi mwekundu, kushona kwenyewe kwa mkono, jicho na duara lake.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo nimevimba. Nilimkuta akipinda suruali ya mtu, cherehani inaenda. Nikamwambia ametuaibisha, na kwamba mkutano wa mtu mmoja ni kichekesho. Hakusimamisha mguu.

"Kuna uongo nimeandika?" akauliza.

Nikasema si suala la uongo.

"Basi lete udhuru kabla ya kengele. Kanuni inakuruhusu. Nitaandika unaumwa, nitaandika umesafiri. Lete tu karatasi, shemeji."

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo watu wa klabu tu ndio wanaoweza kulifanya. Kutuma udhuru kungekuwa kukubali kwamba kuna mkutano. Mkandarasi alituambia tusitume. Mwalimu Mkuu, bila kushauriana naye, aliwaambia watu wake vivyo hivyo. Lilikuwa jambo la kwanza wawili hao kukubaliana tangu kura. Jumatano ya pili alipiga kengele peke yake, na ya tatu, na ya nne. Na kila Alhamisi mtaa ulijaa dirishani. Watu walianza kunisalimia kibandani kwa kuinama na kutafuta kitu.

Nyumbani nako hakukukalika. Mke wangu ni mtu wa maneno machache, na yale machache alinipa jioni ya ile Jumatano ya nne, akinikabidhi sahani.

"Dada yangu alilia kwa uzi mmoja," alisema. "Nyie mmekuwa na macho siku zote, na hamuoni."

Nilikula nikiwa nimetazama ukuta.

Siku chache baadaye Afisa wa Majengo alimpelekea Bi Sindano barua. Alikuwa amezisoma kanuni zetu, kwa kuwa nazo zimebandikwa dirishani. Kanuni ya saba inasema mkutano si mkutano mpaka theluthi ya wanachama wawepo, yaani kwetu sisi watu saba. Jumatano ya tano angekuja kuhesabu mwenyewe, na akikuta pungufu ya saba angeondoka na ufunguo. Muuza magazeti alinieleza kwamba Bi Sindano aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akamuuliza mleta barua Afisa hunywa chai kwa vijiko vingapi vya sukari.

Nami moyo ulinishinda. Nisijifanye shujaa: nilivumilia mpaka saa saba kasoro dakika tano ya siku yenyewe, nikampitia Daktari wa Meno na wengine wanne, nikawaambia twende tukajaze akidi, ugomvi wetu utangoja. Sita pamoja nami, na yeye wa saba. Nilihesabu mara tatu njiani. Nilikuwa na muhuri mfukoni, na hotuba fupi kichwani, ya kumsamehe. Ndiyo, kumsamehe. Mtu mwenye makosa hupenda sana kusamehe.

Tulifika kengele imeshalia. Afisa alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha chai, kufuli jipya likiwa gotini. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi tangu mapema, na foleni ya miwani ilikuwa imesogea ndani mpaka ukutani. Nikavuta kiti changu cha siku zote.

"Wageni wanakaa benchi," akasema Bi Sindano.

Nikacheka kidogo. Nikamwambia tumekuja kumwokoa, tumetimia saba, aite mahudhurio.

Alivaa ile miwani ya marehemu, akafungua daftari, akasoma polepole ili Afisa asikie kila neno. Kanuni ya kumi na mbili: mwanachama anayekosa mikutano minne mfululizo bila kutoa udhuru amejiondoa mwenyewe, hapigiwi kura, katibu anafuta jina tu. Akageuza daftari. Majina kumi na nane yalikuwa yamepigwa mstari, kila moja kwa rula.

"Klabu ina mwanachama mmoja," akamwambia Afisa. "Mwanachama huyo amehudhuria. Hesabu."

Afisa aliweka kikombe chini. Alisema hilo haliwezekani. Akasoma kanuni ya kumi na mbili mwenyewe, akaisoma tena kwa kidole, akanitazama mimi kana kwamba nitamsaidia. Nilitoa hoja ambayo mtu yeyote angeitoa: mikutano yake minne haikuwa na akidi, kwa hiyo haikuwa mikutano, kwa hiyo hatukuikosa.

Bi Sindano alinigeukia bila hasira, na hilo ndilo lililonikata maini.

"Kama watu saba wangefika tangu siku ya kwanza, ingekuwa mikutano," alisema. "Mlikuwa kumi na nane. Kanuni ya saba imewekwa kumzuia mchache asiwapore wengi. Haikuwekwa ili wengi wakae nyumbani waue kitu halafu waseme kimekufa chenyewe. Waasisi walijua, ndiyo maana wameandika chini yake: asiyekuja kwa makusudi hawezi kuidai. Soma mstari wa mwisho, shemeji. Umeubandika wewe."

Nilikuwa nimeubandika mimi kweli, nikaugonga muhuri, na sikuwahi kuusoma.

Kisha akaendelea na ajenda. Kipengele cha tatu, kupokea wanachama wapya. Mwanachama hupendekezwa na mwanachama na kukubaliwa na waliopo, na aliyepo alikuwa yeye. Alimpendekeza mzee aliyekuwa dereva wa lori, ambaye macho yalimwondoa barabarani na droo ya kwanza ikamrudisha kusoma. Akainua mkono wake, akauhesabu, akaandika. Mzee akaja mezani akitembea kama anakanyaga mayai. Yeye na Bi Sindano wakampokea mfagiaji wa hospitali. Hao watatu wakampokea muuza magazeti. Walipofika kumi na mmoja chai iliisha, na Afisa akasimama, akatia kufuli kwenye begi lake. Mlangoni aliuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kusoma zile herufi za ukutani, kwa kuwa barua za siku hizi wanazichapa ndogo sana. Bi Sindano akamwonyesha mwisho wa foleni, nje.

Wenzangu watano walikuwa wameshatoroka. Nilibaki benchini. Ungeniona ungesema nimemwagiwa maji.

Kabla ya kufunga, klabu yetu huwauliza wageni maswali matatu, na wao hujibu wakiwa wamesimama. Bi Sindano aliniuliza jina, nikasema. Aliniuliza kazi, nikasema fundi wa mihuri. Akaniuliza swali la tatu, ambalo miaka ishirini nililiona la adabu tu.

"Nani amekualika?"

Nilimtazama dereva wa lori, nikamtazama mfagiaji, ambaye niliwahi kumwambia ahamishe ndoo yake kwa kuwa mkutano unaanza. Nikatoa muhuri mfukoni nikauweka mezani mbele ya Bi Sindano. Hakuugusa. Alikuwa tayari ametunga uzi mwekundu.

"Hakuna," nikasema.

Akaandika. Halafu akaanza kuwapima watu wa foleni, na kwa kuwa sikujua pa kwenda nilichukua kitambaa nikaanza kuosha miwani ya droo ya nne. Hakuna aliyenikataza, wala hakuna aliyenishukuru. Tulimaliza jua linazama.

Alhamisi nilikwenda dirishani asubuhi na mapema ili nisome kabla ya watu, nikawakuta wameshanitangulia. Waliohudhuria: kumi na mmoja. Wasiohudhuria: hakuna. Chini kabisa, juu kidogo ya jicho la uzi mwekundu, palikuwa na mstari unaonihusu.

"Mgeni: mmoja. Hakualikwa. Alikaa hadi mwisho."