Niliwatolea vikonyo zambarau zote kabla ya arobaini ya mama, na sasa najuta

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura, mtaa wa Jabe.

Ninayoandika hapa yamenikuta mwenyewe, na walioyaona wako hai. Sitaongeza chumvi. Mwenye haraka apite, mwenye mama asome.

Kwanza mnijue. Niliondoka hapa na begi moja, nikafika Ubelgiji sina ndugu wala rafiki. Nimeosha vyombo, nimesoma jioni, nikapata diploma ya usindikaji wa matunda. Sikubebwa na mtu. Nyumba ya mama nimeijenga upya mimi. Sola juu ya bati nimeweka mimi, na umeme ukikatika mtaa mzima, friza yangu bado inaunguruma.

Mama alifariki nikiwa nafunga mizigo ya kurudi moja kwa moja.

Nilikuta kaburi.

Aliyemuuguza ni dada yake, mama mkubwa Zaituni, anayekaa Kinama. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: siku za mwisho, mama aliniulizia?

Nilipomuuliza alinijibu, "Ngoja siku ya zambarau, mwanangu. Siku hiyo nitakuambia yote."

Niwaeleze. Uani kwetu kuna mzambarau, na mama alijulikana kwa juisi yake. Ndiyo iliyopangwa wapewe wageni wa hitma ya arobaini. Zambarau zinachumwa na vishada vyake, halafu wanawake wa ukoo wanazunguka sinia, wanatoa vikonyo kimoja kimoja, maana kikisagwa humo juisi inakuwa chungu. Ni kazi ya kutwa. Vidole vinabaki na rangi mpaka sabuni inachoka.

Mimi nikafikiri kama mtu aliyesoma. Mama mkubwa ana presha. Nikimwondolea kazi, atapata nafasi ya kukaa na mimi tuzungumze.

Kule Ubelgiji nilifanya kazi kwenye karakana ya jemu. Kuna tunda dogo jeusi, wanaliita sureau, linakaa kwa vishada na vikonyo vyake vinasumbua kuliko vya zambarau. Dawa yake ni baridi. Unagandisha vishada vizima, unavisugua juu ya trei, matunda yanadondoka yenyewe na vikonyo vinakubakia mkononi.

Nikachuma mti wote, mpaka matawi ya juu. Nikagandisha, nikasugua.

Wakuu, kazi ilitoka safi. Kikonyo hukioni hata ukitafuta kwa tochi. Nikajaza ndoo, nikapanga viti.

Asubuhi wakaja: mama mkubwa, jirani yetu Mama Saidi, na wanawake wengine wa ukoo, kila mmoja na kitenge cha kufunika magoti yasichafuke.

Mama Saidi akachungulia ndoo, akaangua kicheko. "Muzungu wetu huyu! Hata vikonyo anavipeleka Ulaya kwanza!"

Mama mkubwa hakucheka. "Zote?"

"Zote, mama. Leo upumzike tu."

Wakakaa kuzunguka sinia, mikono mapajani. Mmoja akauliza bei ya sukari, mwingine akamjibu, basi.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. "Mama mkubwa, sasa nafasi ipo. Niambie. Aliniulizia?"

Akatazama sinia tupu. "Apana, mwanangu. Si hivi."

"Si ulisema leo?"

"Nilisema tukiwa mu kazi. Macho chini, mikono inatembea, maneno yanatoka yenyewe. Mi siwezi kusema kifo cha mudogo wangu nikikutazama usoni, kama niko mbele ya polisi."

Nikakimbia kumletea tangawizi amenye. Akamenya kipande kimoja, akaweka kisu chini, akaanza kulia bila sauti.

Mama Saidi akamwinua. Utani ulikuwa umemwisha. "Muache, we mutoto. Umetuharibia siku."

Adhuhuri haijaadhiniwa, uani nilikuwa peke yangu.

Siku ya hitma juisi ilisifiwa sana. Nje ya dua, hakuna aliyemtaja mama.

Baadaye nikanunua maharage sokoni, machafu kabisa, yaliyojaa mawe. Nikampelekea Kinama. Tukachambua pamoja, macho chini, mikono inatembea. Nikasubiri.

Alizungumzia bei ya mkaa mpaka maharage yakaisha. Kisha akasema, "Asante, mwanangu. Umechoka, rudi nyumbani."

Nilichojifunza: kabla hujamrahisishia mtu kazi, muulize kwanza ndani ya kazi hiyo anafanya nini kingine. Hilo darasani sikufundishwa, na sikufikiria kuuliza. Mzambarau sasa hauna tunda hata moja mpaka msimu ujao, na presha ya mama mkubwa haishuki.

Kama yupo aliyewahi kukaa na mzazi aliyenyamaza namna hii, mpaka siku moja akasema, aniandikie hapa chini alifanyaje. Wa kunicheka nao karibuni, lakini nijibuni kwanza.