Gego la Binti Yangu

Miaka ile ya themanini nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno katika hospitali moja ya Eldoret. Tulikuwa na dawa mbili za kuziba mifereji ya magego ya watoto kabla hayajatoboka. Moja ilikuwa plastiki ya majimaji, ngumu sana ikishakauka, lakini ilitaka jino kavu kabisa. Nyingine ilikuwa simenti ya unga tuliyokoroga wenyewe. Hiyo ilivumilia mate, ila ililika upesi, ikabidi kurudiwa.

Binti yangu alikuwa na miaka saba, magego yake manne ya kudumu yametoka juzijuzi tu. Nilimleta Jumamosi moja, bado na sweta ya shule. Alikuwa mwoga. Alilia, akameza, na kila pamba niliyomwekea ikalowa.

"Sista, huyu tumtilie simenti," daktari alisema. "Mdomo umejaa mate. Plastiki haitashika."

"Simenti inalika, Daktari. Nataka ile ya nguvu. Huyu ni mtoto wangu."

Alinitazama, kisha akakubali. Aliniheshimu, labda kupita kiasi.

Plastiki ilitokea vizuri, inang'aa, nami nikajivunia. Watoto wa wenzangu niliwaandikia warudi baada ya miezi sita. Wangu sikumrudisha. Alipoanza kusema, "Mum, chai inaniuma hapa," nilimjibu kwamba jino hilo limezibwa, haliwezi kuuma. Nilidhani anakwepa mswaki. Akanyamaza.

Alipofika miaka tisa, aliamka asubuhi moja shavu limefura. Daktari alikwangua ukingo wa plastiki, ikanyanyuka kama ganda. Chini yake jino lilikuwa limeoza hadi ndani.

"Pole, Sista. Hili ni la kung'oa."

"Lakini halitaota lingine."

"Najua."

Nilimshika mikono mimi mwenyewe. Safari hii hakulia. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Kimumu, akasema kwa shida, pamba ikiwa bado mdomoni, "Mum, si nilikuambia?"

Hakuwa amekasirika. Alitaka tu kujua kama nilikuwa nimemsikia.

"Nilikusikia," nikamwambia.

Magego matatu yaliyobaki tuliyabandua plastiki tukayatia simenti, na kila ilipolika niliirudia. Yapo mpaka leo. Yeye sasa ni mama wa watoto wawili. Akiwa na maumivu yoyote, hasemi mpaka nimwulize mara tatu.